Gathii na Kichujio Kilichooshwa kwa Dawa

Mchungaji, wazee wa kanisa, shangazi na wajomba, majirani wa Saboti, na ninyi mliofika leo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, kutoka Kitale mjini, Webuye na Bungoma, familia inawashukuru kwa kuketi nasi tangu asubuhi, na inawaomba uvumilivu kidogo, kwa sababu mtakayosikia ni marefu kuliko yaliyo katika kijitabu mlichopewa langoni. Kijitabu kilipelekwa kwa mchapishaji siku ya Jumanne, na barua iliyotulazimu kuandika upya ilifika Jumatano alasiri, nayo itasomwa zamu yake itakapofika, kwa kuwa marehemu hakuwahi kumvumilia mtu aliyeanza habari mwishoni.

Elijah Gathii Gichuki alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 3 Julai 1966, katika shamba hili mnalokanyaga, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Gichuki na marehemu Mama Wakonyo, waliokuwa wamefika Trans-Nzoia kutoka Nyeri miaka miwili kabla, wakiwa na ng'ombe mmoja na majembe matatu. Mama Wakonyo alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu, kabla ya kutimiza miaka sita, aliwahi kukataa kikombe cha maziwa ambacho ndugu zake wote walikuwa wamekunywa, akasema yananuka, akachapwa kwa utundu, na kufikia jioni ndugu zake wote walikuwa wamepanga foleni nje ya choo. Hakuna aliyemwomba radhi. Jambo hilo linatajwa mapema kwa sababu lilijirudia katika maisha yake, na waliopaswa kumwomba radhi baadaye hawakuwa watoto.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya mto, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, akaendelea na kidato cha kwanza hadi cha nne Kitale kati ya 1980 na 1983, kisha kidato cha tano na cha sita Bungoma mwaka 1984 na 1985, na Septemba 1987 akajiunga na chuo kikuu Nairobi, ambako alihitimu Shahada ya Sayansi katika kemia mwaka 1990. Tarehe 6 Mei 1991 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda kikubwa cha karatasi cha Webuye, akafanya kazi hapo miaka kumi na minane, hadi milango ilipofungwa, na wale wenzake wa maabara waliokuja leo watakubali kwamba hakuna siku aliyoandika kipimo kwa kukisia.

Siku ya Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, alifunga ndoa ya kanisani na Tabby Wakiuru, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeketi hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kim, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1996, na Mary Ann, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2003. Tabby ametuagiza tuseme ukweli, kwamba mume wake hakuwa mtu rahisi, kwamba alikataa kabisa marashi ya kopo nyumbani kwake, na kwamba mgeni aliyepulizia choo akitoka alihutubiwa sebuleni kwa nusu saa, akiambiwa kwamba hajaondoa uvundo, ameuvalisha tu.

Baada ya Webuye alirudi Kitale mwaka 2009, akawa msimamizi wa maabara katika shule moja ya sekondari, na jioni alifuga kuku wa mayai mia tatu nyuma ya nyumba hii. Majirani walilalamikia harufu ya banda, na walikuwa na haki, kwa hiyo mwezi wa Juni 2011 alitengeneza kichujio chake cha kwanza, pipa lililojazwa magunzi ya mahindi yaliyovunjwavunjwa, vipande vya mti kutoka kwa wapasuaji mbao, maganda ya kahawa na mboji iliyokomaa, akaweka feni ndogo ya kuvuta hewa ya bandani na kuipitisha chini ya pipa ili ipande polepole kupitia ule mchanganyiko wenye unyevu. Kwa wasiojua, na marehemu angetaka mjue, ndani ya mchanganyiko kama huo huishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, juu ya utando mwembamba wa maji unaofunika kila kipande, nao huila ile gesi inayonuka kama chakula chao cha kila siku, huku hewa ikitokea juu ikinuka kama msitu baada ya mvua. Hawahitaji umeme mwingi, hawahitaji mshahara wala sifa, wanahitaji chakula, hewa na maji, asubuhi na jioni. Kipimo chake cha unyevu kilikuwa mkono, unachota konzi moja, unakamua, na yakitoka matone mawili ya maji, basi, hapo pamekaa sawa, lakini pasipotoka hata tone moja viumbe wana kiu, na yakitiririka wanazama.

Wapo waliomcheka wakati huo, na wengine wako hapa chini ya hema. Jirani mmoja alimwuliza hadharani sokoni, "Gathii, na hao wadudu wako umewapa majina?" naye akamjibu, "Bado, lakini nikikosa jina la yule mvivu zaidi nitakuja kwako." Wiki sita baadaye harufu ya banda ilikwisha, na jirani huyo huyo akawa mteja wa mayai.

Tarehe 4 Januari 2021 marehemu aliajiriwa na kiwanda kimoja cha kusaga mifupa na kukausha damu ya ng'ombe, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Familia haitakitaja kiwanda hicho, si kwa woga, ila kwa sababu jina lake tayari limeandikwa kwenye lile shada la maua ya plastiki, kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu. Kilikuwa kinapika mifupa mchana kutwa, na mvuke wake ulitua kwenye mtaa wa jirani karibu na msikiti, ambako Bwana Abdirashid, muuza vitambaa, na mkewe Hawo, ambao tunawaona hapa na kuwashukuru kwa safari, waliishi miaka minne bila kufungua dirisha la upande wa mashariki. Bwana Abdirashid alikuwa amepeleka malalamiko kiwandani mara tisa, na mara ya tisa Meneja Mkuu alimwambia, "Mzee, hiyo ni harufu ya maendeleo."

Marehemu alisanifu na kujenga kichujio hai cha kiwanda kwa miezi kumi, birika la saruji lisilo na paa, lenye urefu wa mita ishirini na upana wa mita nane, lililojazwa mchanganyiko ule ule wa Saboti kwa kina cha mita moja, likapandwa kwa magunia ya mboji hai kutoka nyuma ya banda lake la kuku, na kukamilika Jumatatu tarehe 29 Novemba 2021. Alimfundisha kazi ya kulihudumia mama mmoja wa Bungoma, Nabwile, aliyekuwa ameajiriwa kufagia uwanja, akamkabidhi mpira wa maji, uma wa kugeuzia na daftari la mistari, ambamo aliandika kila siku saa ya kunyunyiza na hesabu ya matone. Kufikia tarehe 10 Januari 2022 vipimo vilionyesha kwamba katika kila sehemu mia za gesi iliyoingia chini ya kichujio, tatu tu ndizo zilitoka juu, lakini kipimo ambacho marehemu alikithamini zaidi kilifika siku iliyofuata, Bwana Abdirashid aliposimama langoni na kumwita, "Mwalimu! Hawo amefungua dirisha!"

Miezi tisa mizuri ilifuata, na Meneja Mkuu akaupenda mtambo, hasa baada ya kuambiwa kwamba unaweza kupigwa picha. Alipanga uzinduzi rasmi siku ya Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2022, yaani karibu mwaka mzima baada ya mtambo kuanza kazi, akaalika wageni kutoka Nairobi, akaagiza hema, zulia jekundu na utepe wa kukata. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo huo mama yetu Wakonyo alifariki, na marehemu akaomba ruhusa ya wiki moja, kuanzia Ijumaa tarehe 7, ili amzike, na mazishi yakafanyika hapa siku ya Jumatano tarehe 12.

Siku moja kabla ya mazishi hayo, Jumanne tarehe 11, Meneja Mkuu alikwenda kukikagua kichujio kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuta kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kulima angekitarajia, uyoga, nyuzi nyeupe za kuvu, minyoo, na mchanganyiko mweusi uliolowa. Nabwile ametueleza mazungumzo hayo neno kwa neno, na tunayarudia kwa idhini yake.

"Huu uchafu ni wa nini?" Meneja aliuliza.

"Si uchafu, bosi. Mwalimu alisema humo ndani kuna vijidudu."

"Vijidudu? Kiwandani kwangu? Na mgeni rasmi anakuja Ijumaa?"

"Lakini bosi, hao ndio wanakula harufu, bana. Wakifa—"

"Mama, wewe ni wa kufagia. Leteni dawa."

Tunaomba mtafakari jambo hili taratibu. Mtu mwenye shahada ya uongozi wa biashara, ambaye picha yake ya mahafali ukutani ofisini ina ukubwa wa mlango, alielezwa na mfagiaji kwamba mtambo wake uko hai, na kwa sababu hiyo hasa akaamuru uuawe. Kwa siku mbili, Jumanne na Jumatano, vijana wa bohari walimwaga juu ya kichujio jerikeni kumi na nne za dawa ya kuua viini, zile za lita ishirini, wakang'oa uyoga wote, wakapaka kingo za saruji chokaa nyeupe, na kupanga vyungu vya maua pande zote nne. Nabwile alimpigia marehemu simu mara saba siku ya Jumatano, lakini simu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa pale, hatua chache kutoka hapa, akimwaga udongo juu ya jeneza la mama yake.

Haki inatudai tuseme pia kosa la marehemu. Hakuwahi kuweka kibao. Tabby alikuwa amemshauri aandike maneno mawili tu, "Usimwage dawa," na marehemu akamjibu kwamba hawezi kuwaandikia watu wazima onyo ambalo hata mbuzi hawalihitaji. Aliwadharau kiasi cha kutowalinda dhidi ya ujinga wao, na dharau hiyo, ingawa walistahili kila chembe yake, ilimgharimu.

Alifika kiwandani Ijumaa tarehe 14, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, akiwa bado amevaa suti ya mazishi. Alichota konzi moja, akakamua, akanusa, akakaa chini kwenye ukingo uliopakwa chokaa, na suruali ikachafuka. Kisha alikwenda kwa Meneja na kumwomba jambo moja tu, kwamba mifupa isipikwe siku hiyo. Meneja alimjibu mbele ya wapishi, "Bwana Mbolea, wageni wamekuja kuona kiwanda kikifanya kazi. Kama mtambo wako ni mzuri, si utafanya kazi?" Majiko yakawashwa saa nne na nusu. Saa sita na robo, wakati sahani za pilau zilikuwa zimefika meza ya mbele na mgeni rasmi ameinua kijiko, upepo ukageuka, na hema zima likapokea kwa mara moja kile ambacho mtaa wa Bwana Abdirashid ulikuwa umekipokea kwa miaka minne. Wageni walijifunika pua kwa ratiba za shughuli. Utepe haukukatwa. Msafara uliondoka kabla ya chai, na Nabwile anasema pilau iliyobaki ilitosha wafagiaji wote, ambao ndio peke yao waliokuwa wamezoea kula katika hewa ile.

Jumatatu tarehe 17 Oktoba 2022 marehemu alipewa barua ya kufukuzwa kazi, yenye sahihi na muhuri wa Meneja Mkuu, ambayo sentensi yake ya tatu inasema, "Mtambo umeshindwa kwa sababu ya ubovu wa usanifu wa Bwana Gathii." Dawa haikutajwa. Barua hiyo ilisambazwa kwa viwanda vingine viwili, kimoja cha ngozi na kingine cha chakula cha mifugo, vilivyokuwa vimemwomba avijengee vichujio, na vyote viwili vikanyamaza. Kuanzia hapo hadi siku ya mwisho marehemu alitaka kitu kimoja tu duniani kutoka kwa watu hao, si kazi wala fidia, alitaka sentensi ile ya tatu ifutwe kwa maandishi, na aliwaandikia barua sita, ambazo nakala zake ziko kwenye faili kwa utaratibu wa tarehe. Hakujibiwa hata moja.

Badala yake kiwanda kilinunua mashine za kupuliza marashi ya limau, kikazifunga kwenye nguzo za ua. Bwana Abdirashid alipoulizwa maoni yake alisema, "Sasa ni kama mtu amefia ndani ya duka la sabuni." Hawo alifunga dirisha.

Machi 2023, siku ya Jumamosi tarehe 18, Nabwile alishuka hapa Saboti akiwa na magunia kumi matupu. Alikuwa ametumwa na Meneja, bila barua, kuomba mbegu ya kichujio, kwa kuwa ile mboji ya nyuma ya banda la kuku ilikuwa bado hai. Marehemu alimpigia Meneja simu papo hapo, mbele ya Tabby, na kutaja sharti lake, na Meneja akasema, "Toa kwanza, mzee, barua inakuja." Tabby alimwambia mumewe kwamba barua haiji, na mumewe akajibu, "Najua haiji. Lakini Hawo hatafungua dirisha kwa kiburi changu." Akajaza magunia yote kumi kwa mikono yake, akampa Nabwile daftari jipya, na kumwambia aondoe mchanganyiko wote uliokufa, apande upya, na asimruhusu mtu mwenye tai kukaribia birika. Mwishoni mwa Mei mashine za limau zilizimwa. Barua haikuja.

Desemba 2023 marehemu alianza kupungua mwili, na tarehe 5 Februari 2024 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alitibiwa Eldoret na kisha Kitale kwa mwaka mmoja na mwezi mmoja, akiuliza wauguzi kila dawa ilivyofanya kazi na kuwasahihisha alipoweza. Kila Jumapili jioni Nabwile alimpigia simu na kumsomea hesabu ya wiki, "Matone mawili, Mwalimu. Mawili. Jumatano tone moja, nikaongeza maji." Alifariki nyumbani hapa, siku ya Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi minane na siku tano, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Sasa tumefika kwenye barua. Mwakilishi wa kiwanda, aliyeketi safu ya pili, alikuwa amepangiwa dakika mbili za kusoma rambirambi za Meneja Mkuu, na familia imeona impunguzie kazi. Imeandikwa tarehe 12 Machi 2025, na sentensi yake ya pili inasema, "Mtambo uliosanifiwa na marehemu umefanya kazi bila dosari yoyote tangu siku ulipojengwa, na hewa safi ya kiwanda chetu ni fahari ya kaunti nzima." Bila dosari yoyote. Tangu siku ulipojengwa. Siku ulipojengwa ni tarehe 29 Novemba 2021, na kati ya siku hiyo na leo imo tarehe 14 Oktoba 2022. Sahihi ni ile ile, na muhuri ni ule ule. Meneja hakujua alichokuwa anaandika, kama vile hakujua alichokuwa anamwaga, alitaka tu kitu kizuri cha kusomwa mbele ya watu, nacho kimesomwa.

Familia inaipokea kuwa ndiyo barua ambayo marehemu aliiomba mara sita. Imechelewa kwa siku nne. Kim ametoa nakala, moja itawekwa kwenye faili baada ya ile ya tarehe 17 Oktoba, mbili zitapelekwa Jumatatu kwa kile kiwanda cha ngozi na kile cha chakula cha mifugo, na moja Tabby ameiweka asubuhi hii katika mfuko wa koti la marehemu, suti ile ile, ambayo doa lake la chokaa hakukubali lisafishwe. Shada la plastiki, ambalo limepuliziwa marashi, tumeliegemeza kwenye banda la kuku, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na Kitale waliomhudumia bila kuchoka na kumvumilia, majirani wa Saboti mliochimba kaburi na kupika, pamoja na mliomcheka zamani na leo mkabeba maji, wenzake wa maabara ya Webuye, Bwana Abdirashid, Bibi Hawo na jamaa wa msikiti waliokodi gari kuja kumzika mtu wa dini nyingine, na zaidi ya wote Nabwile, ambaye kabla ya kupanda gari leo alipita kiwandani.

Elijah Gathii Gichuki, umefanya kazi yako kwa mpangilio, na sentensi ya tatu imefutwa. Kichujio kimenyunyiziwa maji leo saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Nabwile amechota na kukamua, yametoka matone mawili, na dirisha la mashariki liko wazi. Pumzika kwa amani.